UZI: Kunoa cheni ya chensoo kwa mashine ya mezani bila kuunguza meno

Makali_Mapema (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila swali la kunoa cheni kwa mashine likiulizwa humu, jibu linakuwa moja: "mashine inaua cheni, shika tupa." Nimetumia vyote viwili kwa miaka mingi na leo nataka niliweke hili wazi. Mashine haiui cheni. Kinachoiua ni joto, na joto linaletwa na mambo mawili: mkono unaokandamiza na jiwe la kunolea lililoziba. Mengine yote nitakayoandika hapa yanazunguka hapo hapo.

Nianze na kilichonikuta. Cheni ya kwanza niliyoipeleka mashineni ilikuwa bado na meno marefu, ila ilikuwa imegonga msumari ndani ya gogo. Nikaifunga, nikashusha jiwe, nikakandamiza mpaka jino likang'aa. Nikaenda hivyo hivyo hadi la mwisho. Kwenye ncha ya kila jino palibaki mstari wa buluu, mwembamba kama uzi wa kushonea, nami sikuujali. Kazini, mikato miwili ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Wa tatu cheni ikaanza kutoa unga badala ya maranda. Nikachukua tupa nirudishe makali, na tupa ikateleza juu ya jino kama inapita kwenye kioo. Cheni ilikuwa na umbo zuri kabisa, lakini chuma chenyewe kilikuwa kimeharibika.

Jino la cheni ni pua, yaani chuma kigumu, iliyopikwa na kupozwa kwa vipimo mpaka ikapata ugumu wake, halafu paa lake na ubavu wa nje vikapakwa kromu ngumu. Ule mstari wa buluu maana yake chuma kimefika karibu nyuzi 300 za Sentigredi, na hapo sehemu ya ugumu wake imeshaondoka. Ncha ikizidi hapo sana, ikawa nyekundu hata kwa kufumba na kufumbua, mwili wa jino uliobaki baridi unalinyonya lile joto ghafla, sawasawa na kuchovya chuma chekundu majini. Ngozi ya juu inakuwa ngumu na yenye kukatika, ndiyo maana tupa inateleza. Kwa hiyo jino moja linaweza kuwa na ngozi ngumu kama kioo na chini yake chuma laini kisichoshika makali.

Dawa ni kugusa na kuachia. Shusha jiwe liguse jino kwa kama sekunde moja, inua, acha lipumue, gusa tena. Sikiliza sauti: mguso mzuri una mlio mwepesi na cheche chache. Mlio ukizama na mota ukaisikia inapungua nguvu, umeshakandamiza. Kama jino linahitaji kupungua sana, usilimalize hapo hapo. Zungusha cheni yote kwa mguso mdogo, kisha rudia mzunguko wa pili, hata wa tatu. Jino la kwanza litakuwa limeshapoa utakapolirudia.

Kuhusu jiwe: likiziba kwa mafuta na utomvu linaacha kukata na kuanza kusugua, na kusugua ndiko kunakozaa joto. Hivyo osha cheni kwanza, ikauke kabisa ndipo uifunge. Halafu uwe na kile kipande kigumu cha kuchongea jiwe, uligusishe kila baada ya meno machache mara uonapo uso wa jiwe umekuwa mweusi au unang'aa. Kipande hicho hicho ndicho kinachorudisha mviringo wa ukingo wa jiwe, maana mviringo huo ndio unaochonga koo la jino. Jiwe likiwa na ukingo bapa, koo linakuwa na kona, na jino linapoteza ule mkunjo wa ndani unaolifanya lijivute lenyewe kwenye mti.

Upana wa jiwe unafuata cheni. Cheni ya hatua (nafasi ya ribiti zake) ya inchi 1/4, ya 0.325, na ile 3/8 ya kimo kifupi huchukua jiwe la milimita 3.2. Cheni ya 3/8 kubwa na ya 0.404 huchukua la milimita 4.7 hivi. Kama hujui hatua ya cheni yako, pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, ugawe kwa mbili.

Pembe za paa la jino mara nyingi ni nyuzi 30, ila zipo cheni za 25 na za 35, na cheni ya kupasulia mbao kwa urefu huwa karibu na 10. Kichwa cha mashine huinamishwa nyuzi 60 au 55. Angalia boksi la cheni yako na uzifuate namba za hapo, usifuate za jirani.

Maswali yanakaribishwa, nipo.

---

tupa_mkononi

Mkuu, heshima kwako, ila nakubaliana nawe nusu. Mashine inakula jino. Mimi kwa tupa napitisha mara tatu au nne kwa kila jino, kila ninapojaza tanki la mafuta, na cheni inanidumia. Mtu akienda mashineni, jino linaondoka nusu milimita kwa mara moja. Ukishazoea hivyo, cheni moja unainoa mara chache tu ndiyo basi.

---

Makali_Mapema

Fundi, hapo huna pingamizi kutoka kwangu. Msituni nami nina tupa mfukoni. Kwa cheni iliyochoka tu kwa kazi ya kawaida, tupa ni bora: haipashi joto, haihitaji umeme, na inaondoa kile tu kinachotakiwa. Milimita 4.0 kwa 3/8 ya kimo kifupi, 4.8 kwa 0.325, na 5.2 au 5.5 kwa 3/8 kubwa.

Mashine naitoa kwa hali mbili. Kwanza, cheni iliyogonga jiwe au msumari, ambapo kona ya jino imekatika na kromu imebanduka. Hapo lazima urudi nyuma mpaka uipate kromu nzima, kwa sababu ncha yenyewe ya makali ni ile kromu inayokutana na pua. Kwa tupa utakesha. Pili, cheni ambayo meno yake yamepishana urefu baada ya kunolewa kwa mkono mara kumi. Mkono wa mtu una upande unaoupenda, hata ukiwa fundi wa namna gani.

Na nusu milimita si lazima. Kizuizi cha mashine kipo cha kukuonyesha mwisho wa kushuka. Watu wengi hawakigusi, wanashusha jiwe kwa macho tu, ndiyo maana jino linaliwa hovyo.

---

kijana_wa_karakana

Mkuu, mimi nina ile grenda ya kawaida ya mezani yenye mawe mawili manene. Naweza kutumia hiyo? Na kuna jamaa anatumia grenda ya mkono yenye diski ya kukatia. Anasema anamaliza cheni kwa dakika tano.

---

Makali_Mapema

Kijana wangu, mawe manene hapana. Jiwe la upana wa milimita 20 haliingii kwenye koo la jino bila kula kinundu cha mbele yake au ribiti za pembeni. Wapo wanaofunga jiwe jembamba kwenye grenda hiyo na kujitengenezea kitanda cha kuinamisha cheni. Mwendo wa mota hauna shida, kwani grenda ya mezani ya mizunguko 2,850 kwa dakika iko karibu sawa na mashine nyingi za cheni. Shida ni kushika. Jino lisiposhikwa imara kwenye pembe ile ile, kila jino litatoka na lake. Na jiwe jembamba halikutengenezwa kusukumwa ubavuni. Ukilisukuma linaweza kupasuka likiwa kasini. Mashine ya cheni ina jiliwa ndogo inayobana cheni, ina ulimi unaolisimamisha jino kwa nyuma, ina vipimo vya nyuzi. Hivyo vitatu ndivyo unavyovinunua, mota ni nyongeza.

Grenda ya mkono ndiyo kabisa usiisogelee cheni nayo. Inakimbia mizunguko 11,000 kwa dakika au zaidi, jino linakuwa buluu kabla hujainua mkono. Na hakuna pembe hapo, ni kubahatisha.

Jambo jingine, na hili nakuomba ulishike. Kabla ya kufunga jiwe jipya la kauri, lipitishe kidole kwenye tundu lake lining'inie, kisha uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi wa mti au plastiki. Jiwe zima linalia kama kengele ndogo. Jiwe lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. Hilo livunje ulitupe ili mwingine asije akalifunga. Soma mizunguko iliyoandikwa ubavuni mwa jiwe, isiwe chini ya ile ya mota. Zile karatasi za duara pembeni ya tundu usizibandue, zinagawanya mkazo wa nati. Ukiwasha, simama pembeni, si mbele ya jiwe, liache lizunguke kama dakika nzima kabla ya kunoa. Na miwani ya kinga ivaliwe hata kwa jino moja.

---

mnoaji_dada

Nimefurahi kuuona uzi huu. Mimi kazi yangu ni kunoa, naletewa cheni nyingi kwa siku. Kwa kazi ya wingi niliacha mawe ya kawaida nikahamia diski za CBN. Hizi ni duara la chuma lililopakwa chembe za boroni naitraidi. Hazihitaji kuchongwa, umbo halibadiliki, na jino halipashwi joto kama zamani. Vumbi nalo limepungua, maana jiwe la kawaida linajimaliza lenyewe hewani na sisi tunalivuta. Kwa kweli hili la vumbi ningependa mlitilie mkazo. Vaeni barakoa.

Ila msikimbilie diski ya almasi mkidhani ni bora zaidi. Almasi ni kaboni, na kwenye joto la kusaga kaboni hiyo inaliwa na chuma, diski inaisha mapema. Almasi ni ya zile cheni zenye meno ya kabaidi, ile madini ngumu kuliko pua.

---

Makali_Mapema

Dada, asante sana, hapo umenijaza. Kwa anayenoa cheni zake mbili tatu naona jiwe la kawaida linamtosha, mradi alichonge. Anayenoa za wateja asikilize ushauri wako. Nami naongeza moja tu juu ya diski hizo: cheni iwe safi zaidi, kwa sababu ukishazijaza utomvu huwezi kuzichonga kama jiwe.

---

gogo_linapinda

Wakuu naombeni msaada. Cheni yangu nimetoka kuinoa kwa mashine, ina makali ya kutosha, lakini mkato unapinda kulia. Nikifika katikati ya gogo nene msumeno unabana. Nimenoa tena, ikapinda vile vile.

---

tupa_mkononi

Cheni ina meno ya kushoto na ya kulia yanayopishana. Upande mmoja ukiwa mrefu au mkali kuliko mwingine, msumeno unavutwa upande huo. Pima kwanza kabla ya kunoa tena.

---

Makali_Mapema

Fundi kasema. Nami nieleze kwa nini mashine inaleta kosa hili hata kwa mtu makini.

Unanoa meno yote ya upande mmoja, halafu unageuza jiliwa kwenda nyuzi 30 za upande wa pili. Watu wanaamini kwamba kwa kuwa kizuizi hakijaguswa, urefu utakuwa ule ule. Kwenye mashine nyingi si kweli. Jiliwa ikigeuka, kitovu chake hakiko sawasawa chini ya jiwe, na tofauti ya nusu milimita au zaidi inajitokeza hapo. Unanoa vizuri kabisa, na unatoka na cheni iliyopinda vizuri kabisa.

Fanya hivi. Tafuta jino fupi kuliko yote kwenye cheni nzima, ulipake alama ya kalamu ya wino mzito. Hilo ndilo la kupimia. Weka kizuizi kwa jino hilo, liguswe kidogo tu. Noa upande wake wote. Kisha chukua kalipa (kile kipimo cha taya mbili) upime urefu wa paa, kutoka ncha ya makali hadi ukingo wa nyuma. Geuza jiliwa, noa jino moja tu la upande wa pili, pima. Kama ni refu, shusha kizuizi kidogo, noa lile lile, pima tena. Likilingana ndipo uendelee na mengine. Cheni yenye vikucha 72 vya chini (vile vinavyoingia kwenye mfereji wa bamba) kwa kawaida ina meno 36, kwa hiyo ni 18 kila upande; hujapoteza muda wowote kulipima moja.

Kila unapovuta jino jipya, lirudishe nyuma mpaka liegemee ulimi, ndipo ubane. Ukibana likiwa na nafasi hata ya unene wa kucha, urefu umeshabadilika.

Na usisahau bamba lenyewe, kile chuma kirefu ambacho cheni inakizunguka. Livue, lisimamishe juu ya meza iliyonyooka, uone kama kingo zake mbili ziko kimo kimoja. Ukingo mmoja ukiliwa, hata cheni mpya itapinda.

---

kijana_wa_karakana

Samahani mkuu, natoka nje ya mada kidogo. Kwa nini meno yanapishana kushoto na kulia, si yangekuwa yote ya katikati?

---

mnoaji_dada

Ni swali zuri. Cheni za zamani zilikuwa na meno ya kukwaruza kama msumeno wa mkono, zikichosha na kutaka kunolewa kila mara. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Marekani, Joseph Cox, alimwona funza wa mbawakawa akipenya kwenye kisiki kwa taya zake zilizopinda kama herufi C, akitafuna kushoto kisha kulia, akipita nyuzi za mti na kukatiza bila shida. Akalitengeneza jino la cheni kwa mfano wa taya hizo, na mwaka uliofuata akaanza kuziuza. Cheni ya leo ni mtoto wa ile. Jino la kushoto linakata ukuta wa kushoto wa mkato, la kulia ukuta wa kulia, na kila paa linachonga sakafu.

---

Makali_Mapema

Na ndio maana tunapigania pande mbili zilingane, kijana. Ukimfupishia yule funza taya moja, atakwenda kombo.

Nilikuwa sijagusa kinundu, na hapa wengi wanaharibu. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kinachotangulia kwenye mti. Kazi yake ni kuamua jino lishuke kiasi gani. Paa la jino limeinama kuelekea nyuma, hivyo kila unaponoa, jino linapungua urefu na kimo pia. Kinundu kinabaki pale pale. Baada ya kunoa mara kadhaa, kinundu kinakaribia kulingana na makali, na jino halifiki kwenye mti. Cheni inakuwa kali kwa kidole lakini kwenye gogo inatoa unga. Mtu anarudi mashineni kunoa tena, anazidisha tatizo.

Tofauti inayotakiwa kati ya makali na kinundu kwa cheni nyingi ni milimita 0.65, nyingine 0.75. Tumia kile kipimo cha bapa kinacholazwa juu ya cheni, kinundu kikichungulia juu ya tundu lake unakipunguza kwa tupa bapa. Mashine inaweza kufanya hivyo kwa jiwe nene la milimita 6 au 8, lakini mimi vinundu sivipeleki mashineni. Ni chuma kidogo mno, na ukipitiliza hakirudi. Kinundu kikishuka kupita kiasi jino linang'ata kwa pupa, msumeno unaruka na kurudi kwa mkataji, na hapo tunazungumzia uso na shingo ya mtu. Ukimaliza, rudisha mviringo wa mbele wa kinundu, usikiache na kona.

Pia chini: jiwe lisishuke mpaka likwangue vipande vya pembeni vinavyounganisha cheni. Mkwaruzo mdogo hapo ni mwanzo wa ufa, na cheni ikikatika kasini haiangalii mtu.

---

tupa_mkononi

Mkuu, hapo kwenye vinundu tumekutana. Niongeze jinsi ya kujua jino limeiva: liweke kwenye mwanga, uangalie ncha kwa mbele. Makali ya kweli hayarudishi mwanga. Ukiona mstari mweupe unang'aa kwenye ncha, hapo bado ni butu, hata kama jino zima linapendeza.

---

Makali_Mapema

Kipimo kizuri kuliko kidole. Na lini uiache cheni? Meno mengi yana mstari uliochorwa nyuma ya paa. Makali yakifika hapo, kazi imekwisha. Kama hakuna mstari, paa likibaki milimita 4 hivi, ibadilishe.

---

gogo_linapinda

Nimerudi wakuu. Nilipima kama mlivyoniambia. Meno ya kulia yalikuwa milimita 8.1, ya kushoto 7.4, karibu yote. Kizuizi sikuwahi kukigusa baada ya kugeuza jiliwa, kama ulivyosema. Nimeyashusha ya kulia kwa mizunguko mitatu ya kugusa na kuachia, hakuna buluu hata moja. Kisha nikapima vinundu na kuvipunguza vya pande zote mbili. Bamba liko sawa.

Leo nimekata gogo lile lile. Msumeno umeshuka wima mpaka chini, sikuukandamiza, na maranda yanatoka marefu. Sijui niseme nini, asanteni sana. Kuna kitu kingine cha kufanya kabla sijaitunza?

---

Makali_Mapema

Umefanya kazi nzuri, ndugu. Lile vumbi la jiwe limeingia kwenye ribiti na litazisaga ukiliacha. Pulizia hewa au isugue kwa brashi, kisha iloweke kwenye mafuta ya cheni usiku kucha. Asubuhi ining'inize ichuruzike, uifunge, na ukaze ukiwa umeinua ncha ya bamba. Baada ya mikato michache ya kwanza izime, iache ipoe, ukague tena mkazo wake.